Ramani ya Kichwani: Karatasi Moja au Kimia cha Njia?

Muulize mtu wa mwambao, hata aliyesafiri sana, kati ya mji wa Unguja na Mombasa ni upi ulio mashariki zaidi. Nimeliuliza swali hili mara kadhaa barazani hapa Lamu, na karibu kila aliyejibu alisema Unguja, bila kusita, kwa hoja kwamba Unguja ni kisiwa, visiwa viko baharini, na bahari kwetu iko mashariki. Ukweli ni kinyume chake. Mji wa Unguja uko kwenye longitudo ya nyuzi 39.2 na Mombasa iko kwenye nyuzi 39.7, kwa hiyo Mombasa ndiyo iliyo mashariki zaidi, kwa kiasi cha kilomita 50. Hata Dar es Salaam, iliyo bara, imeupita mji wa Unguja kuelekea mashariki kwa kama kilomita 10. Mzee mmoja aliyefika bandari zote tatu kwa jahazi alinikatalia katakata mpaka nilipomfungulia ramani kwenye simu.

Kosa hili si la ujinga, wala si letu peke yetu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Stevens na Coupe, walionyesha kwamba Wamarekani huamini mji wa Reno uko mashariki ya San Diego, kwa sababu jimbo la Nevada liko mashariki ya California, ilhali Reno iko magharibi. Akili haikuhifadhi mahali pa kila mji. Ilihifadhi jimbo, kisha ikautia mji ndani yake, na ilipoulizwa ikajibu kwa jimbo. Sisi tunajibu kwa kisiwa na bara. Kutokana na makosa ya namna hii umezuka mjadala ambao wataalamu wa ubongo hawajaumaliza: je, tulichonacho kichwani ni ramani kweli, yenye pande na vipimo kama karatasi ya baharini, au ni kimia tu, mafundo ya mahali yaliyounganishwa kwa nyuzi za njia?

Upande wa karatasi una ushahidi mzito. Edward Tolman, aliyewafundisha panya kupita njia maalumu hadi kwenye chakula, aliona kwamba njia hiyo ikizibwa, wengi hawakuhangaika na njia zilizo jirani nayo, bali walichagua ile iliyoelekea moja kwa moja mahali chakula kilipokuwa. Katika makala yake ya mwaka 1948 alisema kwamba panya hubeba ramani kichwani. Mwaka 1971 John O'Keefe, huko London, aliandika kuhusu seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyojikunja ndani usawa wa masikio, ambazo kila moja huwaka panya anapofika mahali fulani pa chumba na kunyamaza anapopaacha. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, huko Norway, walitangaza seli nyingine jirani na hapo, ambazo huwaka katika vituo vingi vilivyopangika kwa pembe sita, mithili ya sega la nyuki lililotandazwa sakafuni. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Ziko pia seli za mwelekeo, zinazojulikana tangu miaka ya 1980, ambazo hufuata upande uliouelekea uso tu, popote mwili ulipo.

Hizi za mwelekeo mtu wa Lamu hatazionea ajabu. Kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini kamili, na msemo wa mabaharia wa zamani uliiita kaskazini kibla, kama kusini ilivyoitwa suheli kwa jina la nyota. Mtoto anayelelewa katika nyumba ya mawe, ndani kabisa ambako dirisha hakuna, anajua kibla kiko ukuta upi, na hulijua hilo katika kila chumba anachoingia. Hata hivyo, kujua upande si kujua mahali, na hapo ndipo upande wa pili unapopata nafasi ya kusema.

Sikiliza jinsi tunavyoelekezana. Mgeni akishuka gatini na kuulizia nyumba ya Mkomani, ataambiwa apite ubavuni mwa Ngome, afuate njia kuu mpaka msikitini, akate kushoto, apite chini ya wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, kisha aulize tena. Hakuna mita wala pembe. Kuna fundo, uzi, na fundo jingine. Umeme ukikatika usiku mimi mwenyewe hurudi nyumbani hivyo hivyo, kiganja ukutani, nikijua nimefika chini ya wikio kwa jinsi sauti ya viatu inavyobadilika. Mwaka 2017 William Warren na wenzake huko Marekani waliwatembeza watu katika mazingira ya kompyuta yenye milango ya hila, iliyowahamisha ghafla hadi sehemu nyingine bila wao kutambua. Mahali pa namna hiyo hapachoreki kwenye karatasi, kwa kuwa pande zake hazikutani, lakini watu walijifunza kupita humo vizuri tu. Nalo sega la nyuki si imara kama lilivyodhaniwa: mwaka 2015 ilionekana kwamba panya akiwekwa katika kizimba ambacho upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, pembe sita hizo huvutika na kupinda.

Ushahidi unaotajwa zaidi, ule wa madereva wa teksi wa London, huvutwa na pande zote mbili. Eleanor Maguire aligundua mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na mwaka 2006 akaonyesha kwamba madereva wa basi, wanaofuata njia ile ile kila siku, hawako hivyo. Wa karatasi husema dereva wa teksi amejenga ramani na wa basi amekariri njia. Hoja hiyo ni nzuri, lakini kimia chenye nyuzi maelfu kitahitaji nafasi kubwa kuliko uzi mmoja, kwa hiyo mimi sioni kwamba inaamua lolote. (Punda wa hapa, ambaye hurudi bandani peke yake akishatuliwa mzigo, hajapimwa na yeyote.)

Ninavyoona, kimia ndicho cha msingi, na karatasi ni vipande vidogo vilivyoshonewa juu yake pale tunapopajua sana. Ndani ya mtaa wangu naweza kunyoosha kidole kuelekea Ngome kupitia kuta kumi nisikosee. Nikitoka hapo mshono unalegea. Wengi wetu tunaichora pwani kichwani kama mstari ulionyooka kwenda kaskazini, ilhali kutoka Malindi hadi Lamu unasogea kilomita 105 kaskazini na karibu 85 mashariki.

Tena kimia kinabeba jambo ambalo karatasi haiwezi kulibeba. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna Mkanda, mlango mwembamba wanaopita wanaokwenda Pate. Maji yakijaa, Pate ni karibu. Yakipwa, vyombo hukwama, na nahodha ama husubiri ama huzunguka nje ya Manda kupitia bahari kuu. Uzi huo hufunguka na kufungwa kila siku, na nahodha huupima kwa saa za maji, wala si kwa maili.

Lakini mtazame nahodha huyo huyo alipoamua kupita nje, usiku, nchi haionekani. Ukimuuliza Pate iko wapi hatakutajia njia. Mkono mmoja ukiwa kwenye kana ya usukani, atanyoosha mwingine gizani, juu ya maji yasiyo na fundo lolote, na kukipambazuka kisiwa huwa pale pale alipoelekeza. Wa kimia, nami nikiwa miongoni mwao, bado tunadaiwa maelezo ya mkono huo.