Tabaka Jembamba: Unene Kamili au Uso Mtupu?

Katika vikao vya kutetea tasnifu za uhandisi hapa Kampala, swali moja humkaba mwanafunzi aliyeiga kwa programu kama Elmer au COMSOL mwendo wa umeme katika tabaka jembamba: "Mbona tabaka lenyewe halionekani kwenye mchoro wako?" Halionekani kwa sababu amelichukulia kuwa uso usio na unene, akaupa uso huo ukinzani wake tu. Wanajopo wengi huuona huo kuwa uvivu.

Hofu yao ina msingi. Hesabu ya uso hudhani kwamba volti haibadiliki kutoka juu ya tabaka hadi chini yake, na dhana hiyo huvunjika pale mkondo unapolazimika kupenya badala ya kutambaa. Katika mabamba ya nyuzi za kaboni umeme hufuata nyuzi kwa urahisi lakini huvuka kutoka tabaka moja hadi jingine kwa shida kubwa; ukiyabana yote yawe uso mmoja, umeifuta tofauti hiyo.

Lakini tuchukue kioo cha sentimita 15 kwa 15 kilichopakwa oksidi ya indiamu yenye bati, aina itumikayo kwenye skrini za simu na baadhi ya seli za jua, kwa unene wa nanomita 150. Programu hizi hukokotoa kwa kukata umbo katika vipande vidogo, na kuligawa tabaka hilo katika michemraba yenye kimo sawa na unene wake kunahitaji milioni moja kwa milioni moja, yaani michemraba trilioni moja, na hapo unene wote umepata kipande kimoja tu! Namba moja ya volti kwa kila kipande, kwa baiti 8, inakula terabaiti 8, ilhali kompyuta ya mwanafunzi wetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, ambayo ni sehemu moja ya elfu. Atakayeshauri vipande vifanywe bapa akumbuke kwamba ubapa wa kupindukia huifanya milinganyo yenyewe kuwa migumu kutatuliwa.

Isitoshe, maabara nayo hupima uso. Sindano nne zilizopangwa katika mstari kwa nafasi sawa juu ya tabaka pana hutoa volti ambayo, ikigawanywa kwa mkondo na kuzidishwa kwa 4.53, ni omu kwa mraba, yaani kipimo cha ukinzani wa uso, bila mtu kuuliza unene. Anayedai unene kamili hana budi kutafuta pia ukinzani mahususi, yaani ule wa mada yenyewe bila kujali umbo lake, ambao mara nyingi hunakiliwa tu kitabuni, ingawa tabaka lililopakwa halina tabia za bonge la mada ileile.

Penye shaka ya kweli, kama ukingoni mwa mguso wa chuma, mwanafunzi na akate sehemu ya mikromita 10, aijenge kwa unene kamili, kisha ailinganishe na uso. Hesabu hiyo kompyuta yake huimaliza kabla umeme haujakatika.