Mtoto haongezeki uzito: tumwite mgonjwa?

Januari, palizi ikiwa imepamba moto, nilikaa kwenye zahanati moja wilayani Chamwino, Dodoma, nikimtazama mtoto wa kike wa miezi mitatu akitundikwa kwenye mizani. Kilo 4.2. Nesi akaweka nukta kwenye kadi, nukta ikaangukia kwenye kijivu, rangi ya uzito pungufu. "Dada, mnyonyeshe vizuri," akasema, akamrudishia mama kadi yake. Mtoto hakuwa na homa, hakuharisha, hakukohoa, kwa hiyo hapakuwa na ugonjwa wa kuandika. Nje, chini ya mti, bibi mmoja akanong'ona: huyo kabemendwa.

Ndiyo maana siwezi kuupuuza mjadala wa kuutambua rasmi ukuaji duni wa watoto wachanga kuwa ugonjwa. Hospitali ikikosa jina, mtaa unalo lake, na jina la mtaa linamhukumu mama: eti yeye au mumewe alitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya.

Wanaotaka utambuzi wana hoja nzito. Katika toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa, kutokukua inavyotarajiwa kumewekwa kwenye sura ya dalili, si ya magonjwa. Mtoto wa namna hii haingii kwenye rejista kama mgonjwa, na takwimu za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, zikipanda wilayani hazimbebi. Wakati huohuo, huenda alizaliwa njiti, ana tundu kwenye moyo au ana kifua kikuu ambacho hakuna aliyekitafuta. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 tayari unawataja watoto wa chini ya miezi 6 walio katika hatari ya kutokukua vizuri, na unataka mama na mtoto waangaliwe pamoja.

Upande wa pili, wa wasiotaka uitwe ugonjwa, nao nauelewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa, mkoa unaolima mahindi, ilikuwa asilimia 56.9. Huwezi kuwalaza wodini wote hao. Iringa hiyohiyo, miaka ya 1980, vijiji vilipima watoto wao vyenyewe, serikali ya kijiji ikajadili majibu, na watoto wakapata pa kulishwa mama zao wakiwa shambani. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Kijiji kilijiona kinahusika. Tukisema ni ugonjwa, mwenyekiti wa kijiji atasema hayo ni ya daktari.

Kwangu mpaka uwekwe kwenye miezi sita. Kabla ya hapo chakula ni maziwa ya mama peke yake, na mstari ukishuka kuna sababu ya kutafutwa haraka: huo uitwe ugonjwa, uandikwe, mtoto apimwe. Udumavu wa wakubwa ubaki mezani kwa kijiji. Ila naogopa jambo moja, kwamba tiba itakayoandikwa iwe maziwa ya kopo.

Nilimfuata yule mama getini. Anatoka alfajiri kwenda kupalilia, anarudi saa nane mchana. Mtoto anabaki na bibi yake, anapewa uji mwembamba wa uwele. Hakuna aliyemuuliza, na kadi haina nafasi ya kuliandika hilo.