Hiyo Taa Ni ya Mapambo Tu

Tangu asubuhi mnanitumia vikatuni vya magari ya zimamoto, kwa hiyo shoga yangu ameshawafikia kabla yangu. Haya, sikilizeni na upande wa mtuhumiwa. Sikuchoma nyumba. Nyusi zangu zote mbili zipo. Kilichoungua ni kijitabu kimoja, pamoja na heshima yangu.

Mnajua nilivyo tangu ninunue jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku. Sina mada nyingine. Mtu akinisalimia tu, namjibu kwa habari za koili, ule waya uliozungushwa ndani yake.

Jana nilikuwa jikoni kwake, yeye, shangazi yake na watoto wawili. Jiko lake jipya ni kioo cheusi kitupu, laini, kama langu kabisa. Sikuuliza ni la aina gani. Mjuzi anaulizaje? Nikaanza somo: chini ya kioo kuna koili ya shaba, umeme wake unageuka mwelekeo mara zaidi ya 20,000 kwa sekunde, unazaa uga wa sumaku, uga unaamsha mikondo ya umeme kwenye kitako cha sufuria, na sufuria inajipasha yenyewe. Kioo chenyewe hakina habari. Joto lake ni la kuazima kwa sufuria. (Hapa niliongea vizuri. Shoga yangu hilo hakuwaambia.)

"Kwa hiyo halichomi?" shangazi akauliza.

"Shangazi, unaweka karatasi katikati, maji yanachemka na karatasi inabaki nyeupe."

Ni kweli! Kwangu nimelifanya mara kibao.

Nikaendelea: sufuria ya alumini tupu haifai, lazima iwe inanasa sumaku. Nikabandua sumaku kwenye friji, nikaipachika kwenye kitako cha sufuria yao. Ikaanguka. Nikaipachika tena. Ikaanguka, ikaviringika hadi miguuni kwa shangazi. Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi, mbele ya mashahidi wanne, nikasema: "Sumaku hii imechoka."

Karatasi niliipata kwenye droo. Kijitabu cha maelekezo ya jiko, hakijafunguliwa hata mara moja. "Hiki hatukihitaji," nikasema, nikakitandaza juu ya kioo, nikabandika sufuria ya maji, nikawasha.

Sasa twende polepole, maana mimi mwenyewe nimeshairudia usiku kucha.

Chini ya kioo, kwenye ukingo wa karatasi, likajitokeza duara jekundu. Likakolea, likakolea, kama jua la magharibi. Mtoto mdogo akanyoosha kidole: "Mbona kunawaka?" Nikainama nilingane naye kimo, nikamwambia kwa upole wa profesa, "Hiyo taa ni ya mapambo tu."

Pembe ya karatasi ikageuka rangi ya chai. Ikajikunja. Kikatoka kimoshi chembamba. "Mvuke huo," nikasema. Maji hata vuguvugu hayajapata. Shoga yangu akanitazama. Nikatazama dari.

"Mvuke una harufu ya kuungua?" shangazi akauliza.

Nikafungua kinywa kujibu, na wallahi jibu nilikuwa nalo, ndipo mwali ukachungulia upande wa kushoto. Ukaizunguka sufuria taratibu, kama mgeni anayetafuta kiti. Na mimi, mtaalamu, nikafanya nini? Nikaupuliza. Kama mshumaa wa keki. Nyie mliowahi kupuliza mkaa, kilichofuata mnakijua.

Shangazi akazima jiko, akaondoa sufuria, akaufunika moto na mfuniko mpana, akanipiga kofi la mkono nilipotaka kumwagia maji ya baridi, kwa kuwa kioo cha moto kinaweza kupasuka. Basi, yakaisha.

Ndiyo, wewe uliyeuliza kama halikuwa la indaksheni: lilikuwa jiko la kioo la infraredi. Chini yake kuna waya wa umeme unaoiva hadi kuwa mwekundu, na joto lake linapenya kioo. Halichagui sufuria, alumini, udongo, chochote linapasha. Na karatasi linaichoma, maana karatasi hushika moto kwenye nyuzi 230 hivi, na waya ule unazipita mhadhiri akiwa bado kwenye utangulizi. Mimi huyuhuyu ndiye niliyesema alumini haipashwi na indaksheni, halafu nikasimama nikisubiri maji yachemke ndani ya alumini.

Jiko likiwa limezimwa, herufi H ikabaki inawaka, kuonya kwamba kioo bado kina moto. Mtoto akaniuliza kwa adabu zote: "Na hiyo nayo ni ya mapambo?"

Majivu tuliyakwangua kioo kilipopoa. Kijitabu kimesalia kona moja tu, yenye mchoro wa kiganja kilichopigwa mstari. Shoga yangu ameibandika kwenye friji, imeshikiliwa na ile sumaku. Haijachoka hata kidogo.