Chipu ya Mtumba Iitwe Mtumba

Mzee mmoja mpiga kinanda wa taarab hapa Ngamiani, Tanga, alinirudishia kinanda chake mwezi mmoja tu baada ya mimi kukitengeneza. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, sauti zangu zimekwenda tena."

Kinanda hicho kilitengenezwa Japani mwishoni mwa miaka ya themanini. Sauti alizozitunga mwenyewe kwa miaka mingi, ya ganuni, ya fidla inayokaribia kulia, zinakaa ndani ya chipu ya kumbukumbu ya aina ya 62256, yenye nafasi ya baiti 32,768. Umeme ukizimwa, betri ndogo ya duara ya volti 3 ndiyo inayozishikilia. Chipu ya asili ilikufa, nami nikaagiza kumi kwa njia ya intaneti. Muuzaji aliandika kuwa ni mpya, hazijawahi kuguswa. Nikaweka moja, kinanda kikaamka, tukakesha na mzee tukizirudisha sauti moja baada ya nyingine. Nilikosea hapo. Niliona inafanya kazi, nikaamini kwamba ndiyo ile iliyoandikwa mgongoni.

Mgongoni paliandikwa HM62256LP, jina la chipu ya Hitachi. Hiyo herufi L ndiyo yenye thamani: maana yake chipu inakula umeme kidogo sana inapolala. Nilipoirudisha mezani na kuipima ikiwa imelala, mita ilisoma maikroampea 300, yaani miliampea 0.3. Betri ya aina ile ina takriban miliampea-saa 220. Gawanya mwenyewe: saa 733, yaani siku 30. Chipu ya kweli ya L, inayokula maikroampea chache, ingeitunza betri ile kwa miaka. Mtu alichukua chipu ya kawaida, akaifuta jina, akaiongezea herufi moja.

Niliporudi kuzitazama zile tisa kwa lenzi ya sonara, niliona aibu kwa jinsi dalili zilivyokuwa wazi. Zote juu zilikuwa na msimbo mmoja, 9134, yaani wiki ya 34 ya mwaka 1991. Nikazigeuza: chini, nyingine zimeandikwa Japani, nyingine Malaysia, na alama za kalebu, lile umbo la kumiminia plastiki, hazifanani. Chipu za kundi moja na wiki moja hazitoki katika kalebu za nchi mbili. Halafu kile kishimo kidogo cha duara kinachoonyesha mguu wa kwanza. Kwenye chipu halisi kina sakafu laini na ukingo mkali. Kwenye zangu kilikuwa kimejaa rangi, karibu kisionekane.

Nikachovya pamba kwenye asetoni, ile ile inayotoa rangi ya kucha. Pamba ikatoka nyeusi, na chini ya rangi ikatokea mikwaruzo ya msasa, yote imelala upande mmoja. Lakini hapa nawasihi mafundi wenzangu wasikimbilie kuhukumu. Wino wa chipu halisi za zamani nao unaweza kufutika kwa asetoni, na rangi za waghushi wa siku hizi nyingine haziguswi nayo kabisa. Kwangu mimi ushahidi mzito ni ule mwili mweusi wenyewe kuachia rangi, pamoja na mikwaruzo iliyo chini yake.

Miguu pia husema. Chipu ya aina hii ikitoka kiwandani miguu yake imepanuka kidogo, mpaka uibane ndipo iingie kwenye soketi. Ukiletewa "mpya" yenye miguu iliyosimama wima, ujue imewahi kukaa mahali. Tazama ncha nazo: mara nyingi kiwanda hukata miguu baada ya kuipaka bati, hivyo nchani huonekana madini ya ndani. Iliyochovywa upya hung'aa hadi nchani, na juu karibu na bega bati limevimba. Na soma tarehe ukiwa na historia kichwani. Shughuli za chipu za Hitachi na Mitsubishi Electric ziliunganishwa mwaka 2003 kuwa Renesas. Ukiona nembo ya Hitachi na msimbo 0914, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2009, jiulize nani aliipiga chapa.

Wala si sisi wa vibanda pekee tunaoliwa. Mwaka 2012 kamati ya majeshi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti iliyohesabu visa kama 1,800 vya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia, zaidi ya vipande milioni moja, ndani ya njia za ugavi wa jeshi lao.

Sina ugomvi na kilichotumika. Tanga tumevaa mitumba, tumelalia mashuka ya mitumba, na hakuna aliyedanganywa, kwa sababu muuzaji hufungua belo mbele ya macho yako na kuita kwa sauti kuwa ni mtumba. Chipu iliyotolewa vizuri kwenye bodi ya zamani inaweza kufanya kazi miaka mingine 20, nami nitainunua bila kinyongo, kwa bei yake. Ninachokikataa ni msasa. Ukishafuta jina lake umenipokonya uwezo wa kujua ilikuwa nani, ilikula umeme kiasi gani, ilikuwa na kasi gani. Tena anayeona ni sawa kuifuta ndiye huyo huyo anayeona ni sawa kuing'oa kwa moto mkali, na plastiki iliyonyonya unyevu ikipigwa moto ghafla hupasuka kwa ndani bila nyufa kuonekana nje. Leo inapita majaribio, keshokutwa inakufia kwenye harusi ya watu.

Na sisi mafundi tuna sehemu yetu. Tukikuta bei ya chini mno tunafurahi, hatuulizi, na mteja hatumwambii. Mimi sasa naweka maneno matatu kwenye risiti: mpya, mtumba, au sijui. Na kwa kazi ya 62256 nimeacha kusaka jina la kale. Kampuni ya Alliance Memory bado wanatengeneza AS6C62256, yenye miguu 28 ile ile, na inayokula kidogo ikilala. Mpya ya kweli ya kiwanda kilicho hai naipendelea kuliko "mpya" ya mwaka 1991 isiyo na mashahidi.

Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kinanda cha mzee sasa, kwenye soketi, na sikumtoza senti. Nilipima mbele yake, akaisoma mita mwenyewe. Zile kumi nimezitia kwenye kopo na kuandika kwa kalamu nene: MTUMBA, ZINAKULA BETRI. Akitokea fundi mwenye mashine isiyotegemea betri, atazikuta.