Nikinunua, Kiwe Changu

Watu wakitaka ushauri wa simu huanza na kamera, wakaja kwenye betri, wakamalizia na GB. Swali ambalo mimi huanza nalo haliulizwi: siku nikitaka kuhama, nitaondoka na nini? Picha zitatoka zote? Meseji zitahamia simu mpya? Na gemu niliyoilipia nitaichezea kwingine, au itabaki kwenye akaunti ambayo kampuni inaweza kuifunga saa yoyote? Napenda vifaa tangu utotoni. Kwa jinsi ninavyovipenda, inaniuma kuona mtu anatoa hela yake halali halafu anabaki mpangaji kwenye kitu alichokinunua.

Tazama yaliyoikuta The Crew. Ni gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ubisoft, iliyotoka Desemba 2014. Ramani yake ni Marekani nzima iliyofupishwa. Unaweza kuwasha gari pwani ya mashariki ukakata milima na jangwa mpaka pwani ya magharibi bila kusimama. Mchezaji aliweza kuicheza hadithi yake peke yake mwanzo hadi mwisho. Ila gemu ilidai intaneti muda wote, kwa sababu sehemu ya kazi yake ilifanyika kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Aliyekuwa na diski yake kabatini, imetulia kwenye kasha lake, akaitia kwenye mashine na haikumfikisha popote. Baadaye leseni nazo, yaani ruhusa za kuicheza, zikaanza kuondolewa kwenye akaunti za walionunua.

Naelewa kwamba seva zinakula umeme na mishahara ya watu, na hakuna mwenye akili timamu anayedai ziwashwe milele. Madai ni madogo kuliko hayo: unapoondoka, iache gemu katika hali ya kuchezeka. Toa sasisho la mwisho linaloondoa ulazima wa seva, au waachie wachezaji programu ya seva wajiendeshee wenyewe. Kwamba inawezekana, Ubisoft yenyewe imetuonyesha. Baada ya kelele kuwa nyingi, Septemba 2024 iliahidi kuziwekea The Crew 2 na The Crew Motorfest njia ya kuchezwa bila intaneti. Kelele hizo ziliongozwa na Mmarekani mmoja mwenye chaneli ya YouTube, Ross Scott, kwa kampeni aliyoiita Stop Killing Games. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Watu milioni moja hawakusanyiki kwa ajili ya magari ya kwenye skrini. Wamekusanyika kwa sababu wanajua zamu yao inakuja.

Sasa njoo mtaani. Ingia banda lolote la gemu, Manzese au Kayole, na utaikuta PlayStation 2 (PS2) ya Sony bado inapiga kazi. Pedi zimefungwa selotepu, kifuniko cha diski kimelegea mpaka kimewekewa uzito juu, memori kadi imechakaa maandishi yote, na watoto wamepanga foleni kusubiri mechi. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2000 na utengenezaji wake umekoma zaidi ya miaka kumi sasa. Haiombi nenosiri wala bando, na haimpigii mtu simu Tokyo kuuliza kama mwenye banda bado ana haki ya kuitumia. Ikiharibika, fundi anaifungua. Mwenyewe akichoka, anaiuza, na mnunuzi anaanza kuingiza hela jioni ileile. Huo ndio umiliki ninaoutaka, na teknolojia ya mwaka 2000 ilikuwa nao bila mtu kuusifia.

Tumetoka hapo tukafika wapi? Nintendo Switch 2, mashine ya gemu iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya gemu zinazouzwa kwenye kadi ambayo ndani yake hamna gemu. Kuna ufunguo tu. Unaiweka, kisha unapakua gemu nzima kwa intaneti yako. Kwa mtu wa Ulaya mwenye faiba isiyo na kikomo huo ni usumbufu mdogo. Kwa anayenunua bando kwa GB, ameinunua gemu mara mbili. Steam nako, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta ambako nina maktaba ninayoithamini sana, masharti hayaruhusu kumhamishia mtu mwingine akaunti, hata kwa urithi. Kaka anaweza kumwachia mdogo wake baiskeli, saa na redio. Gemu za maisha yake yote hawezi. Jimbo la California, Marekani, angalau limelazimisha ukweli usemwe: tangu Januari 2025, duka la kidijitali haliruhusiwi kumwambia mteja kwamba ananunua ikiwa anachopewa ni leseni inayoweza kufutwa, isipokuwa limweleze hivyo waziwazi. Huku kwetu bado tunauziwa mbuzi kwenye gunia.

Najua kuna atakayesema tuna matatizo makubwa kuliko gemu. Haya, tuzungumzie simu za mkopo. Unatoa kianzio, unalipa rejesho kila siku au kila wiki, na ukichelewa skrini inajifunga mpaka ulipe. Wengi huziona simu hizi kama ukatili. Masharti yake yana mambo ya kuhojiwa, lakini nazitetea kwa jambo moja: kufuli lake unalijua kabla hujasaini, na deni likiisha linapaswa kuondoka. Kinachonitisha zaidi ni kufuli la kwenye kitu nilichokilipia chote, ambalo sikuambiwa lipo na halina tarehe ya kutoka.

Kufuli la namna hiyo mara nyingi halina sura ya kufuli. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Android kwenda iPhone, au kinyume chake, aliacha nyuma historia yake yote ya WhatsApp, kwa sababu nakala ya huku ilikaa kwa Google na ya kule ikakaa kwa Apple. Njia rasmi ya kuvuka ilianza kupatikana 2021. Meseji za marehemu mama, sauti za watoto walipokuwa wanajifunza kuongea, risiti za biashara: watu wameviacha vyote hivyo, au wameng'ang'ania simu wasiyoitaka ili wasivipoteze. Hapakuwa na amri ya kuwakataza kuhama. Walichokosa ni njia tu.

Ninachokataa kabisa ni ile hoja kwamba ndivyo teknolojia ilivyo. Sivyo. Kila mahali kufuli lilipovunjwa, lilivunjwa na watu walioamua. Apple waling'ang'ania chaja yao ya Lightning tangu 2012. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu mpya zitakazouzwa kwake kuanzia Desemba 28, 2024 ziwe na USB-C. Kufikia Septemba 2023 iPhone 15 ilikuwa imeshatoka na tundu hilo, na tundu hilohilo ndilo unaloliona leo kwenye iPhone mpya zinazouzwa Kariakoo. Sheria iliyopitishwa Brussels, makao ya Umoja huo, imetupunguzia nyaya hapa nyumbani.

Na sisi wenyewe tuna mfano mzuri kuliko huo. Mnaokumbuka jinsi pesa za simu zilivyokuwa zamani mtaelewa. Kumtumia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa na usumbufu wake: pesa haikuingia kwenye akaunti yake ya simu, alipata meseji yenye namba za siri, akazipeleka kwa wakala kwenda kutoa. Ndiyo maana watu walibeba laini tatu na simu mbili. Mwaka 2014 Tanzania, kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilikaa mezani, zikakubaliana kanuni za kupokezana, na pesa ikaanza kutoka akaunti moja kuingia nyingine moja kwa moja. Vodacom wakaingia 2016. Kenya ikafuata 2018. Hakuna mtandao uliokufa kwa kufungua mlango, na leo kijana wa chuo hajui hata kwamba mlango uliwahi kufungwa. Tukiweza hilo kwenye pesa, ambako kosa moja linamlaza mtu njaa, siwezi kuambiwa kwamba meseji, picha na gemu ni ngumu mno.

Kompyuta nazo zisipite. Windows 10 ilikatiwa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa zilizomo kwenye orodha ya Microsoft. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua, zile za Core i5 kizazi cha sita, hazimo. Ni mashine nzima. Kioo kizuri, kibodi imara, ukiiongezea SSD inakimbia. Mimi huziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, na kwa mwanafunzi au mwalimu zinatosha kabisa. Pagumu ni kwa wabunifu wa michoro: wenye mashine za kuchapa mabango wamezoea faili za CorelDRAW, mteja mwingine anataka ya Photoshop, na Adobe, wenye Photoshop, tangu 2013 matoleo mapya ya programu zake kubwa yanatumika kwa kulipia usajili. Kijana anayeanza kazi hiyo anafungwa na mafaili ya wenzake kabla hajachagua chochote. Kwake yeye siwezi kusema hamia Linux kesho. Naweza kumwambia ajizoeze kuhifadhi nakala ya kila kazi kwa PDF au SVG, aina za faili zinazofunguka kwenye programu nyingi, ili siku akishindwa kulipa usajili kazi zake zisiende na akaunti.

Kwa wasimamizi wetu, TCRA Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, nina ombi ambalo si geni duniani. Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa kifaa kinachounganishwa na intaneti atangaze ataendelea kukipa masasisho ya usalama kwa muda gani angalau. Nataka maandishi kama hayo kwenye boksi la kila simu, televisheni na mashine ya gemu inayouzwa mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: masasisho yataisha mwaka gani, kifaa kinafanya nini intaneti ikikatika, na mnunuzi anaweza kuhamishia wapi vitu vyake. Gharama yake ni wino.