Taa Kijani, Trafiki Kanyoosha Mkono

Saa moja na nusu asubuhi, makutano mojawapo hapa Dodoma. Taa imewaka kijani, lakini hakuna anayesogea: trafiki kanyoosha mkono. Bodaboda mbele yangu kazima injini, anachezea simu.

Wanaosema tuendeshe barabara kwa takwimu wangeanzia hapo hapo. Trafiki anaiona foleni yake tu. Magari anayoyaachia yakienda kujazana makutano ya mbele, yeye hana habari. Vihesabio vya magari vikiunganishwa na taa, makutano mawili yangesikilizana. Mji wenyewe umebadilika haraka tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku. Tumejengewa barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, ili malori yasipite katikati ya mji. Tutajuaje kama kweli yamehama bila hesabu ya kabla na ya baada?

Hesabu yenyewe lazima itenganishe gari na gari. Wahandisi hukadiria kuwa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, ikibebeshwa uzito mara mbili, uharibifu wa lami hufika kama mara 16. Bajaji mia haziifanyi lami kitu. Lori moja lililozidisha mzigo linaichimba. Kwa hiyo rekodi za mizani nazo ni takwimu za kupangia ukarabati, si za kutozea faini tu.

Wenye mashaka nao wasibezwe. Kwa kawaida magari huhesabiwa kwa wiki moja, vijana wakikaa kando ya barabara na karatasi, wakichora vistari. Kwa Dodoma, wiki ipi? Bunge la bajeti likiwa ndani, Aprili hadi Juni, mashangingi yanajaa kila kona. Likiahirishwa, mji unapumua. Ukihesabu Agosti mwanzoni, utayakuta magari ya maonesho ya Nanenane Nzuguni. Wiki moja inaweza kukujengea barabara ya mji usiokuwepo.

Ramani za simu nazo zinapendelea wenye magari. Foleni ya magari inachora mstari mwekundu. Mama anayevuka na beseni kichwani hachori kitu. Ukipanga taa kwa kufuata wekundu huo, utawapa magari sekunde nyingi zaidi, na yeye utamnyang'anya. Kuhusu kamera zinazosoma namba za magari, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ifuatwe.

Mimi naegemea kwa wanaohesabu, ila wahesabu mara mbili, Bunge likiwepo na lisipokuwepo, na miguu ihesabiwe pamoja na magurudumu. Trafiki simtoi. Gari likiharibika katikati ya makutano, kihesabio kitasajili msongamano tu. Yeye atawaita watu walisukume. Shida yake ni kwamba hasemeshwi na wa mbele.

Hatimaye akatuachia. Bodaboda akawasha, tukasogea kama mita mia tatu hivi, tukakuta mwingine kanyoosha mkono.