Picha za Mzee Zilizofutwa Bila Kufutwa

Mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni huko Nungwi alitaka aone kwa macho yake namna tunavyopandisha mabadiliko ya tovuti yake kwenye seva, kwa kuwa hakupenda kulipia kazi isiyoonekana. Basi projekta ikafungwa sebuleni, wafanyakazi wakaitwa, mpishi akaja na mwiko wake mkononi, nami nikafungua dirisha jeusi la amri na kueleza habari za rsync. Programu hiyo, iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, hulinganisha ukubwa wa kila faili na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho, ikapeleka yaliyotofautiana tu, na hata faili kubwa likiguswa kidogo, hupeleka vile vipande vilivyobadilika. Mzee alifurahi sana, maana bando ananunua yeye.

Nikaandika amri yenye --delete, inayoondoa kwenye seva kila kisichokuwemo kwenye kompyuta yangu, nikaitilia na -n, ambayo huiagiza programu itaje tu ingefanya nini, bila kugusa chochote. Mtu anayetumia --delete bila kutanguliza -n mimi simwamini hata na rimoti ya televisheni.

Kumbe Mzee alikuwa na mazoea ya kupandisha picha zake kwa simu, moja kwa moja kwenye seva, usiku, bila kumwambia mtu. Ukutani maandishi yakaanza kuteremka: deleting picha/mzee-ngalawani.jpg, deleting picha/mzee-na-sheha.jpg, deleting picha/mzee-kanzu-mpya.jpg. Maneno ya kuniokoa, DRY RUN, yaani jaribio tu, rsync huyaweka mwishoni kabisa mwa mstari wa mwisho, na Mzee hakuwa mtu wa kungoja mstari wa mwisho. "Wananifuta!" alipiga ukelele, akaivamia ekstensheni iliyolisha projekta na ruta kwa pamoja, akaing'oa ukutani.

Kompyuta yangu ilikuwa kwenye betri, na kazi ilikwisha kumalizika, kwa hiyo nikamwonyesha yale maneno mawili.

"Mwanangu," akasema, "kama haifuti, kwa nini inasema inafuta?"

Swali hilo wangelijibu vizuri zaidi waliotunga programu. Mimi nilitaka kumfungulia tovuti ajionee, lakini tovuti ilihitaji ruta, na plagi ya ruta ilikuwa mkononi mwake, naye hakuwa tayari kuiachia. Alipokubali hatimaye, picha zote zilionekana kwenye simu yake. Ila mpwa wake, aliyesoma kompyuta kidogo, akatukumbusha kwa upole kwamba simu huhifadhi nakala za kurasa, hivyo huenda tulikuwa tunatazama za marehemu.

Ikabidi apigiwe simu binti yake aliyeko Muscat, ambaye, kama ilivyobainika mbele ya wafanyakazi wote, hakuwa amewahi kuifungua tovuti ya baba yake hata mara moja. Mzee akaweka spika.

"Shikamoo baba. Naam, nimeifungua, zipo zote. Lakini hiyo ya ngalawani, mwambie huyo kijana aifute kweli."